Taa nne za dagaa na sheria ya Ohm

Wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutatawanyika tena kwenda TP. Kabla hamjafunga begi, nisikilizeni mimi niliyerudi kutoka Bagamoyo mwaka jana na aibu yangu.

Nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha pili. Siku ya saketi nikaandika ubaoni, Kiingereza kitupu: betri ya volti 12, ukinzani omu 6, tafuta mkondo. Nusu ya darasa wakagawa 12 kwa 6, wakapata ampia 2. Nikafurahi kweli. Nikauliza, hiyo 2 maana yake nini? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma alileta karatasi tupu, nami nikampa sifuri yake.

Baada ya kipindi akanifuata. "Samahani mwalimu, ile si kama taa moja ya baba?" Baba yake anavua dagaa usiku kwa taa za betri. Akanieleza kwa Kiswahili: ukiwasha taa moja, betri inakesha, ukiwasha nne, alfajiri haifiki. Na moja ikiungua, zilizobaki zinaendelea kuwaka.

Jamani, huyo alikuwa ameshaielewa saketi sambamba. Kila taa inavuta ampia 2, kwa hiyo nne zinavuta 8. Gawa 12 kwa 8: ukinzani wa jumla ni omu 1.5. Umeongeza taa, ukinzani umepungua! Wale waliopata 2 walijumlisha 6 mara nne wakaniambia 24, yaani kama taa zimefungwa kwa mfululizo. Betri ya ampia-saa 50 ukigawa kwa 8 ni saa sita na robo, na ikiwa imechoka ni pungufu. (Taa za LED hazifuati sheria ya Ohm sawasawa, najua. Watu wa fizikia msinirukie.)

Msidhani ni mambo ya watoto tu. Hapa hosteli tunachomeka birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 kwenye ekstensheni moja. Jumla 3200, gawa kwa volti 230, karibu ampia 13.9, wakati plagi ina fyuzi ya 13. Kwa ziada ndogo hivyo fyuzi inaweza isikatike upesi. Waya ndio unaopata moto. Na wote tulifaulu swali hilo kidato cha nne.

Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, maneno mkondo na saketi anayo kichwani. Akifika sekondari tunamwambia ayaache getini. Mtasema mtihani wa NECTA uko kwa Kiingereza. Kweli, na lazima aufanye. Lakini aanze na taa, LUKU na ekstensheni kwa lugha anayoijua, akishaelewa ndipo apewe majina ya Kiingereza na fomula. Mimi nilianza na fomula, na yule aliyeelewa kuliko wote nikamwona mjinga.

Nilimfutia sifuri. Kipindi kilichofuata nikampa betri, waya na balbu nne mbele ya wenzake. Akafundisha yeye, mimi nikabaki kuandika ubaoni. Siku hiyohiyo ndiyo mhadhiri wa kunikagua aliingia. Alinikata alama za lugha.