Kisanduku kisichohitaji umeme

Jamani, hivi nani alitudanganya kwamba muziki mzuri lazima upitie kwenye mashine ya bei mbaya? Naongelea priamplifaya, ile inayokaa kati ya deki ya CD na amplifaya kubwa isiyo na kitufe cha sauti. Watu wanajikamua mishahara kuinunua.

Hebu tupige hesabu. Deki ya CD kwa kawaida hutoa volti 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hufikia mwisho wa nguvu zake kwa volti 1 hivi. Yaani umeme wa muziki umeshazidi kabla hujakuza chochote! Kinachotakiwa ni kupunguza tu. Na kwa kupunguza inatosha potenshomita ya stirio ya kilo-omu 10 (chukua ya logarithimi, ndivyo sikio linavyosikia), soketi 4 za RCA na kisanduku cha bati. Hakuna transista, hakuna kuchomeka ukutani. Jioni moja ya kuchomelea nyaya kwa risasi, umemaliza.

Wapo watakaosema kina kasoro. Kinazo. Waya wa kwenda kwenye amplifaya uwe mfupi, mita 1 hivi, la sivyo sauti nyembamba zinaanza kufifia. Na santuri, inayotoa milivolti chache tu, usiiunganishe hapo kabisa.

Lakini wewe uliyepata A ya fizikia unaogopa nini? Nahisi ni yule mgeni atakayekaa kwenye kochi na kuuliza, "Hii ya kampuni gani?"