Paka wa nyumbani na likizo ya ng'ambo



Familia moja ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam imealikwa na shangazi yao aishiye London kwenda kupumzika huko katika likizo ya Juni. Ni baba, mama na watoto watatu, kwa muda wa wiki tano. Nauli imepatikana, maombi ya viza yameanza, na katikati ya furaha hiyo binti yao wa miaka tisa ametoa tamko: paka wake asipokwenda, naye haendi. Mama anaona paka abaki kwa jirani. Baba mdogo wa watoto, mtu apendaye mambo mafupi, ameshauri paka atiwe kwenye kiroba akaachiwe soko la samaki la Feri, kwani huko hatakosa riziki. Mwenye nyumba alilileta suala hili ofisini kwa kamati, nami nimemwomba idhini nilizungumze hapa, maana si yeye peke yake linayemkabili.

Nianze na shauri la kiroba, kwa kuwa hutendeka mara nyingi kuliko tunavyokubali kukiri. Wengi wetu tumeisikia tangu madrasa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhini. Baba mdogo atasema: mimi simfungii, namwachia huru. Lakini paka aliyekula kwenye bakuli lake kwa miaka minne, akalala juu ya kochi, hajui kujitafutia. Feri ina paka wake, kila mmoja na kona yake, na mgeni hufukuzwa usiku wa kwanza. Kumtupa pale ni kumnyima chakula kwa njia ndefu zaidi. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawakuliacha jambo hili hewani: katika Matn ya Abu Shujaa, kitabu ambacho vijana wengi wa pwani wamekisoma mkekani, matumizi ya wanyama yamewekwa pamoja na matumizi ya jamaa, nayo ni wajibu juu ya mwenye kumiliki. Sijaona mahali iliposemwa kwamba wajibu huo huanguka mtu akipata viza.

Ombi la binti ni jambo jingine. Linatokana na huruma, nalo linastahili jibu la kweli. Kisheria ya dini hakuna kizuizi. Paka si najisi, na tunafahamu kisa cha Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Kizuizi kipo katika kalenda na katika mwili wa paka mwenyewe.

Uingereza haiihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zilizo katika orodha yake nyepesi kuhusu kichaa cha mbwa, na kanuni za Umoja wa Ulaya ni vivyo hivyo. Kwa hiyo paka wetu hutakiwa kwanza kuwekewa chini ya ngozi chipu yenye namba ya utambulisho, kisha achanjwe akiwa ametimiza angalau wiki 12 tangu kuzaliwa. Zipite siku 30, ndipo atolewe damu, ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa ili ithibitike kwamba chanjo imeshika. Hata majibu yakiwa mazuri, husubiriwa miezi 3 kamili tangu siku ya kutolewa damu. Hesabu yake ni nyepesi: anayetaka kusafiri na paka mwanzoni mwa Juni awe amemchanja kabla ya Januari kwisha. Familia zetu aghalabu hukumbuka habari ya paka wakati masanduku yako wazi kitandani. Mnyama akifika London karatasi zake zikiwa na kasoro, huweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini hadi miezi 4, kwa gharama ya mwenyewe. Likizo ni ya wiki tano.

Kisha kuna safari yenyewe. Watoto wengi hudhani paka atakaa mapajani. Kwa ndege ziendazo Uingereza, isipokuwa mbwa wasaidizi wa watu wenye ulemavu, wanyama wa nyumbani huingia kama shehena, ndani ya kizimba katika tumbo la ndege. Kutoka hapa mara nyingi ni ndege mbili, na kati yake ni saa nyingi za kungojea mahali penye kelele na harufu ngeni. Kumpa dawa ya usingizi ili asihangaike si dawa ya tatizo: mashirika ya ndege huikataza kwa kuwa hudhoofisha pumzi na msukumo wa damu. Na wenye paka wa Kiajemi, wale wa pua bapa wanaopendwa sana siku hizi, wajue kwamba pumzi zao ni fupi hata wakiwa barazani, na yapo mashirika yasiyowakubali kabisa kama shehena.

Tuseme amefika salama. Paka hushikamana na mahali. Nyumba huijua kwa harufu zake, na akihamishwa ghafla hujificha chini ya kitanda kwa siku kadhaa, hali wala hatoki. Akitoka, akaukuta mlango wazi, atakimbia kuitafuta nyumba iliyo Kariakoo. Atakapoanza kumzoea shangazi, itakuwa siku ya kufunga mizigo, na kibali cha kumwingiza tena Tanzania kiwe kimekwisha tafutwa.

Ndiyo maana nilimwambia yule baba kwamba paka abaki. Lau familia ingekuwa inahamia huko kwa miaka mitatu, ningesema wavumilie gharama na miezi yote hiyo, na nisingeiita israfu. Kwa matembezi ya wiki tano, faida yote ni yetu na taabu yote ni yake.

Walio Ulaya wanaokuja likizo nyumbani nao wana shimo lao la kuanguka. Aishiye Ujerumani, mathalani, akimleta paka Tanga bila kumpima damu kabla ya kuondoka, atalazimika kumpima huku na kungoja miezi 3 ndipo paka arudi. Kipimo kikifanyika kule kabla ya safari, kikaandikwa katika pasi ya mnyama, ngojo hiyo huondoka. Na wenye kasuku wa kijivu wasijaribu hata kidogo: tangu 2017 ndege huyo yuko katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa CITES, na kumvusha mpaka bila vibali ni kosa la jinai.

Kumwacha paka, hata hivyo, si kumwachia jirani ufunguo na kusema "mtupie dagaa". Ni kumkabidhi mtu amana. Ni bora abaki katika nyumba yake, mtu aje asubuhi na jioni, kuliko kuhamishiwa nyumba ya tatu. Fedha ya chakula ihesabiwe kwa siku 35, iongezwe ya daktari wa mifugo, itolewe mkononi kabla ya safari. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe hata kama haendi popote, kwani ugonjwa huo dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, ni mauti. Mlezi aanze kuja wiki moja kabla, wenyeji wakiwapo, ili paka amzoee. Na kama mlezi ni kijana, alipwe ujira. Tumezoea kuziita kazi za namna hii "msaada", kisha tunalalamika zikifanywa vibaya.

Binti naye asidanganywe. Asiambiwe paka ataletwa baadaye kwa ndege nyingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtahadharisha mama aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu, kwamba asingempa angeandikiwa uongo. Na yule mtoto Abu Umayr alipofiwa na kindege chake, Mtume alimzungumzisha kuhusu kindege hicho wala hakukiona kitu kidogo. Aketishwe, aonyeshwe kalenda, aelezwe kizimba na tumbo la ndege. Mtoto wa miaka tisa anaelewa kuliko tunavyomdhania. Kisha apewe kazi: yeye ndiye aandike karatasi ya maelekezo ya mlezi, paka hula nini, hukataa nini, hupenda kukunwa wapi, na karatasi hiyo ibandikwe jikoni. Apange pia na mlezi siku za kutumiwa picha kwa simu ya mama.

Na zawadi za London zitakapogawanywa, jirani aliyebadilisha mchanga wa paka kwa wiki tano awe wa kwanza kuchagua.