Mvinyo wa Mwaka wa Mvua

Hivi karibuni shemeji yangu alirejea hapa Katwe kutoka Dodoma, Tanzania, akatuletea chupa ya mvinyo mwekundu wa mkulima mdogo mwenye ekari moja tu ya zabibu. Tulipoumimina, rangi ilikuwa hafifu na ladha ilikuwa na uchachu. Jirani yetu, askari polisi, akacheka: "Huu ni mvinyo, ama ni maji yaliyosuuzia chupa?"

Shemeji akajibu kwa upole kwamba mvua ilinyesha wakati zabibu zilipokuwa zikiiva.

Sisi wa Katwe hatuhitaji maelezo marefu. Mvua ikinyesha juu ya vishamba vya chumvi ziwani, maji huzimuka na chumvi haigandi. Zabibu nazo hunywa maji zikavimba, utamu ukapungua, maganda yakapasuka, na ukungu ukaingia. Hamira ndiyo igeuzayo sukari ya zabibu kuwa kileo, na wekundu hutoka katika maganda. Sukari ikipungua na maganda yakioza, mvinyo hudhoofika.

Mkulima yule alikuwa na njia mbili: kuvuna vichala vyote, vizima na vibovu, ili mizani ilemee, ama kuvitupa vibovu. Alitupa karibu nusu ya mavuno, ijapokuwa karo ya watoto ilikuwa ikimngoja. Ndiyo sababu mvinyo ule, japo mwepesi, haukuwa na harufu ya uvundo.

Liko funzo jingine. Dodoma mzabibu huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, ukipogolewa kwa wakati wake. Mavuno ya Februari na Machi huangukia mvua. Yale ya Agosti na Septemba huiva kiangazi, yakawa na utamu zaidi. Mwenye shamba dogo asiweke matumaini yake yote katika msimu mmoja.

Akina mama, mvinyo mwepesi kama huu upozwe, unywewe kidogo pamoja na samaki wa kukaanga. Uliobaki ukichachuka, ufanyeni siki ya kachumbari. Na askari anayekwenda lindo asiuguse kabisa.

Jirani yetu, baada ya kusikia habari hiyo, hakucheka tena. Aliomba gilasi ya pili. Chumvi safi huwa chache kuliko yenye tope, lakini ndiyo iingiayo chunguni.