Binti akitaka kusoma agronomia

Wamama, binti akipata diploma ya Serikali na kusema anaenda kusoma agronomia, wengi wetu tunacheka: jembe nalo linasomewa? Linasomewa. Kule Mulungu, huko Kabare, INERA ya Serikali inatafuta mbegu nzuri: maharagwe yanayopanda kwenye miti, mihogo inayostahimili mozaiki, ule ugonjwa unaokunja majani. Mbegu ikizaa sana lakini ikamaliza makala yote kabla ya kuiva, nani ataipanda? Hapo msichana aliyekulia jikoni ana la kusema. Ila tusiwafiche: wapo wanaofanya kazi ya Serikali miaka mingi wakingojea namba ya matrikule na mshahara. Aulize mapema habari ya staji. Sisi tutafute minervali.