Wito: Tuulize Mgonjwa Wetu wa Akili Anaumwa Nini

Mama aliyejifungua wiki iliyopita anadai kuwa mtoto aliyelala pembeni yake si wake. Kijana wa kidato cha sita hajalala siku tatu, anaongea bila kupumzika, na amegawa nguo zake zote. Mwalimu aliyekuwa akiwahi shuleni kuliko wenzake sasa hatoki chumbani. Babu aliyekuwa mzima juzi, leo hawatambui wanawe.

Hao wanne wanaumwa magonjwa tofauti kabisa. Lakini mtaani huwa tunawapa jibu moja, kwamba wamerogwa au wamepandwa na mashetani, na tunawaandalia safari moja ya kwenda kwa mganga. Miezi inapita, mbuzi na mashamba yanauzwa, na ugonjwa unazidi kukomaa.

Ndugu zangu, ombi langu ni hili: mtu wetu akiugua akili, tuhakikishe amejulikana anaumwa nini hasa, kisha tusimame naye mpaka apate tiba inayomfaa. Homa tumeshazoea kuipima, kwa sababu tunajua inaweza kuwa malaria, taifodi au nimonia. Maradhi ya akili nayo yanastahili uangalifu huo huo.

Tumtazame yule babu. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mara nyingi chanzo kipo mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, hata dawa anazomeza. Mtu mwenye homa akianza kuweweseka, huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Hawa wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kungoja mpaka kesho ni hatari.

Yule mama naye ni wa dharura. Maradhi yake huanza mara nyingi katika wiki 2 za kwanza baada ya kujifungua, na yakitibiwa mapema wengi hupona vizuri. Asiachwe peke yake na mtoto, na asisimangwe kwamba hana mapenzi ya mama. Anayeumwa halaumiwi kwa dalili zake.

Kijana asiyelala huenda ana baipola, yaani hisia zinazopanda mno na kushuka mno. Hapa ndipo umuhimu wa kujua ugonjwa unapoonekana wazi. Mtu huyu akienda hospitali siku za huzuni, akapewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumpandisha vibaya. Anahitaji dawa za kutuliza hisia, kama lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na inatumika hadi leo, huku damu ya mgonjwa ikipimwa mara kwa mara. Kwa hiyo familia imweleze daktari yote: siku za huzuni, siku za kuchangamka kupita kiasi, ndugu waliowahi kuugua, pombe, bangi, na dawa za mitishamba alizokunywa.

Mwalimu huenda ana sonona. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki 2, usingizi ukivurugika, chakula kikikosa ladha, si uvivu wala upungufu wa imani. Sonona isiyo kali inaweza kutibiwa kwa mazungumzo peke yake. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona ni kama asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi wenye subira na maneno ya busara hata sisi tunao.

Basi tukifika kliniki tusione aibu kuuliza. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii itaanza kufanya kazi lini? Ina madhara gani? Turudi lini? Dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla nafuu haijaonekana, na huendelea kutumiwa kwa miezi kadhaa baada ya mtu kupona. Wanaoziacha wiki ya kwanza hukata tamaa bure. Mwingine anayetumia haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili, hukakamaa shingo au kutetemeka, nyumbani wakasema dawa inamlemaza, wakaitupa. Mrudisheni hospitali. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine ya kuondoa ukakamavu. Dawa ya kwanza isipomfaa, bado zipo nyingine.

Si lazima safari ianzie hospitali kubwa za akili kama Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu. Anzeni na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ombeni rufaa inapohitajika, na ulizeni kuhusu msamaha wa gharama.

Kwenu masheikh, mapadri, wachungaji na waganga: watu huja kwenu kwanza kwa sababu wanawaamini. Ombeni nao, kisha waelekezeni hospitali. Neno lenu linaweza kumfungua aliyefungwa kwenye mti kwa mnyororo, na mnyororo haujawahi kumponya mtu. Msiwaambie waache dawa.

Na ukihofia kwamba mtu anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa upole. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani, bali linampa mlango wa kusema. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa nyumbani, mpeleke hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na ugonjwa wa akili. Kila ukoo una wagonjwa wake, tuwatendee kama ndugu. Wewe unayesoma, pengine umeshamkumbuka mmoja. Mtembelee wiki hii. Muulize siku yake ya kliniki, jitolee kumsindikiza, changia nauli, beba kadi yake na dawa anazotumia. Akipata nafuu, mwajiri amrudishe kazini, na sisi tumwalike kwenye harusi na vikao vya ukoo kama zamani. Kupona kwake kunahitaji dawa na kunahitaji watu. Dawa ataandikiwa na daktari, watu ni sisi.