Embe la Tabora na Ndoo ya Mvinyo: Tusiwaache Dada Zetu Njia Panda

  

Ndugu Waislamu, kila mwaka mwezi Novemba unapoingia, mji wa Tabora na vijiji vinavyouzunguka hujaa maembe. Neema hii ina historia. Burton na Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, mji ukiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa Pwani wamekwisha kujenga na kukaa. Njia ile ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba vilevile dhulma ya kuuza binadamu, ambayo hatuna haki ya kuisahau. Miembe iliyosimama kandokando ya njia hiyo ni katika alama zake zilizobaki. Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza njia hiyo iingizwe katika urithi wa dunia.

Lakini neema isiyo na soko hugeuka kuwa mzigo. Embe likishaiva halisubiri. Mama mwenye miembe mitatu uani huuza kidogo, hugawa kidogo, na yaliyobaki huoza mbele ya macho yake. Katika hali hiyo huja mafunzo ya ujasiriamali, na pamoja na sabuni, batiki na achari, somo mojawapo linalofundishwa sehemu nyingi za nchi yetu ni kutengeneza mvinyo wa matunda: wa embe, wa ndizi, wa rozela, na wa asali, ambayo misitu ya Tabora imejaaliwa kuwa nayo kwa wingi. Vifaa ni vichache: ndoo yenye mfuniko, sukari, hamira, kitambaa cha kuchujia na mpira mwembamba wa kutolea hewa. Muislamu anayejaribu kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba hii si pombe, ni matunda tu. Naye, akiwa na mkopo wa kikundi unaomsubiri, huamini.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama mwezi huu. Tunaona kwamba katika jambo hili kuna makosa mawili, si moja. La kwanza ni la yule anayeuita mvinyo juisi. La pili ni la sisi tunaotoa hukumu juu ya mimbari kisha tukarudi majumbani, tukimwacha dada yetu na ndoo yake, deni lake na maembe yake.

Tuanze na ukweli wa ndoo yenyewe. Hamira ni kiumbe hai. Ikikuta sukari ndani ya maji, na hasa hewa inapokuwa haba, huila sukari hiyo na kutoa vitu viwili: hewa ya ukaa, ambayo ndiyo mapovu tunayoyaona, na alkoholi. Takriban kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Juisi ya embe lililoiva huwa na zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita, kwa hiyo hata bila kuongezwa sukari yaweza kufikia asilimia 6, wakati bia ya kawaida ni asilimia 5 hivi. Ikiongezwa sukari, kama mafunzo yanavyoelekeza, hupita asilimia 10. Wala si lazima mtu atie hamira ya dukani, kwani maganda ya matunda na hewa yenyewe vina hamira ya asili. Basi kinachotoka katika ndoo ile baada ya wiki mbili au tatu ni kileo kamili, hata kama lebo yake imechorwa embe na neno “asili”.

Sheria yetu inasemaje? Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91, ameiweka khamr pamoja na kamari na ibada ya masanamu, akaamrisha kuepukwa kwake. Wapo wanaodhani khamr ni ya zabibu peke yake au ni ile itokayo kiwandani. Hawa na warejee masimulizi ya Anas bin Malik (R.A.) katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Siku aya ilipotangazwa, yeye alikuwa mnyweshaji nyumbani kwa Abu Talha, na kinywaji kilichomwagwa kikatiririka katika njia za Madina kilikuwa cha tende. Yaani mvinyo wa matunda, uliotengenezwa nyumbani, ndani ya vyombo vya familia! Hicho ndicho kilichomwagwa. Hoja ya kwamba “hii ni ya matunda tu” imejibiwa tangu siku ile ya kwanza.

Na asali je? Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vinywaji vya huko, kikiwemo kile cha asali kilichoitwa bit'u. Jibu lilikuwa kwamba kila kilevyacho ni haramu. Umar (R.A.) naye alisema juu ya mimbari kwamba khamr ni kile kinachoifunika akili, akaitaja asali miongoni mwa vinavyotengenezewa khamr. Wanzuki wa Tabora na bit'u ya Yemen ni ndugu wa baba mmoja. Asali yenyewe ni halali na ni tiba, kama inavyotufahamisha Surat An-Nahl, na Allah ameihifadhi kwa hekima kubwa: asali iliyokomaa ina maji machache, chini ya asilimia 20 hivi, hata hamira haiwezi kufanya kazi ndani yake. Ni binadamu anayeizimua kwa maji na kuiacha siku kadhaa ndiye anayeitoa katika uhalali.

Hata hivyo hatutaki kuwatia Waislamu katika wasiwasi usio na msingi. Mtume (S.A.W.) alilowekewa tende au zabibu katika maji, akanywa. Hiyo ndiyo nabidhi. Ibn Abbas (R.A.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba aliinywa siku ile, siku ya pili, na hadi jioni ya siku ya tatu, kisha hakuinywa tena. Siku tatu hizo si ruhusa ya kunywa chochote ambacho hakijazipita. Kipimo ni ulevi, na katika joto letu la mwezi Novemba juisi iliyoachwa mezani yaweza kuanza kutoa mapovu siku ya pili tu. Mapovu yanayojizalisha yenyewe, harufu kali, ladha inayochoma, kifuniko kinachoruka: juisi yenye dalili hizo iachwe. Juisi mbichi, togwa ya leo na mkate wa hamira uliookwa si khamr. Mtu akitilia shaka kinywaji, ajiulize: je, kikinywewa kwa wingi kinalevya? Kama kinalevya, basi hata kidogo chake ni haramu, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Jabir (R.A.).

Mtume (S.A.W.) aliwahi pia kuukataza ujumbe wa Abdulqays kutengenezea nabidhi katika vibuyu na vyombo vya namna hiyo, kisha baadaye akaruhusu vyombo vyote kwa sharti la kutokunywa kilevi. Katazo lile la mwanzo linafahamika vizuri na kila mama anayejua kibuyu: masalia ya jana ndani yake huchachusha kinywaji cha leo. Dumu la plastiki lisilooshwa vizuri hufanya vivyo hivyo.

Lipo dai jingine: “Mimi sinywi, nauza tu kwa wasio Waislamu.” Dai hili halina pa kusimama. Mtume (S.A.W.) alitangaza mjini Makka, mwaka wa Ufunguzi, uharamu wa kuuza khamr. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, laana imewafikia watu kumi, wakiwemo mkamuaji, mbebaji, muuzaji na mla thamani yake. Mnywaji ni mmoja tu kati ya hao kumi.

Na aliyekwisha kuijaza ndoo afanye nini? Abu Talha (R.A.) aliuliza kuhusu khamr ya mayatima waliokuwa mikononi mwake, naye akaamrishwa aimwage. Alipouliza kama aigeuze kuwa siki, alikatazwa. Wanazuoni wamekubaliana kwamba khamr iliyogeuka siki yenyewe ni halali. Wakahitilafiana kuhusu inayogeuzwa kwa makusudi, Mahanafi wakiruhusu na Mashafi, ambao ndio wengi kwetu, wakikataza. Ikiwa mali ya mayatima haikupewa udhuru, mkopo wa kikundi hauwezi kuwa udhuru.

Haya ni mazito kwa mwenye njaa, nasi tunayasema tukijua hivyo. Kwa sababu hiyo, neno letu la mwisho linawaelekea wale wanaojaza safu za mbele misikitini.

Embe lina njia nyingi za halali. Juisi ikichemshwa vizuri ikaongezwa ndimu, ikatiwa ingali ya moto katika chupa safi zilizochemshwa na kufungwa mara moja, hamira yake hufa na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Lakini kuiweka katika jokofu pekee hakutoshi, maana baridi huipunguza kasi hamira wala haiiui. Maembe hukatwa vipande vyembamba yakakaushwa juani chini ya chandarua au katika kikaushio, yakaliwa hadi msimu mwingine. Kuna achari, kuna jemu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula, na Tabora ina chuo chake cha ufugaji nyuki. Dada yetu anaweza kwenda kujifunza somo lile lile la usindikaji, akaliacha fungu la mvinyo.

Lakini ujuzi bila mtaji na soko ni maneno. Tunauliza: ni misikiti mingapi inayonunua juisi ya kina mama wa mtaa wake katika walima, maulamaa wanapotembelea, na katika futari ya Ramadhani? Au tunanunua soda za kiwandani, kisha tukashangaa kwa nini mjane amekwenda kuuza kinachonunuliwa? Ni kamati ngapi zinazotoa mkopo usio na riba wa kununulia sufuria kubwa, chupa na chandarua? Surat At-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Aliyekopa kwa biashara hii kwa kutojua, akatubu na kumwaga alichonacho, ana haki ya kutazamwa na kamati ya zaka kabla mkopeshaji hajamtazama.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Maimamu walieleze jambo hili katika khutba kabla ya msimu wa maembe kuanza, kwa upole na kwa dalili. Jumuiya za kina mama ziwatafute wanachama wanaohudhuria mafunzo hayo, ziwashauri kwa siri na heshima, si kwa kuwatangaza. Na kila msikiti uchague walau kitu kimoja kinachotokana na matunda ya mtaa wake, uwe mnunuzi wake wa kudumu.

Watu wa Madina waliimwaga khamr yao kwa saa moja, na Muhajirina walikuwa wamekwisha kuwakuta na ndugu wa kugawana nao riziki. Tukitaka utii wao, tuuandae na udugu wao.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, na azibariki riziki za dada zetu. Wabillahi tawfiq.