Maji Yalibebwa na Nani?

Mhariri aliniomba niandike habari za matembezi ya kuongozwa katika mji mkongwe wa hapa Jeddah, yale yanayofanywa jioni jua likishapoa, ili ndugu zetu wanaokuja Umra wajue pa kwenda wakishamaliza ibada yao. Nilimwahidi makala ya sifa. Nimeijaribu mara mbili, na mara zote mbili kalamu imekwenda kwingine.

Sifa zenyewe nazitoa kwanza, kwa sababu zinastahiki. Mji mkongwe, ambao wenyewe huuita Al-Balad, uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014 kwa jina la Jeddah ya Kihistoria, Lango la Makka. Jina halikukosewa. Tangu Khalifa Uthman alipoifanya Jeddah kuwa bandari ya Makka, mwaka 647, mahujaji waliokuja kwa bahari walishukia hapa, na mababu zetu wa pwani walikuwa miongoni mwao. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu alikwenda Makka kusoma. Wanazuoni wetu wengine wengi walifuata njia hiyo hiyo.

Na mimi kama mhandisi nakiri kuwa nyumba zile zinanipa raha. Mawe ni ya matumbawe, yaliyokatwa kwenye kingo za ghuba ya Arbaini, iliyo ubavuni mwa mji. Ni laini na mepesi, hayawezi kubeba ghorofa nne au tano peke yake. Kwa hiyo mafundi walilaza magogo ya mbao ndani ya kuta, safu juu ya safu, wakayaita takalil. Magogo hayo huugawa uzito, huzuia ufa usipande kutoka chini hadi juu, na humwezesha fundi kutoa kipande cha ukuta kibovu na kukijenga upya bila kuiangusha nyumba nzima. Nje kuna rawashin, yale madirisha makubwa ya mbao yanayojitokeza barabarani, yanayonasa upepo wa bahari na kumwezesha mwenye nyumba kuona bila kuonekana. Mwaka 2019 serikali ilitenga riyali milioni 50 kuzitegemeza nyumba 56 zisianguke. Anayetaka kucheka kuwa walichelewa akumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, ambayo upande wake mmoja uliporomoka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 ukaua watu wawili. Sisi hatuna haki ya kumcheka mtu.

Basi, siku ile tulikuwa kundi la watu kumi na wawili. Kulikuwa na Wafaransa wawili, familia ya Kimalaysia, vijana wa Kisaudi waliokuja na kamera zao, na sisi Waswahili wanne. Miongoni mwetu alikuwamo bi mkubwa mmoja wa Unguja, mama wa rafiki yangu, amekuja kumtembelea mwanawe. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye adabu, Kiingereza chake kizuri, kofia ya Kihijazi kichwani. Alitupitisha Bab Jadid, akatuonyesha msikiti wa Shafi'i na mnara wake wa karne ya 13, tukapita Suq al-Alawi katika harufu ya ubani na hiliki, tukafika Bayt Nassif.

Hapo kijana aliwaka. Nyumba ilijengwa kati ya 1872 na 1881 kwa ajili ya mfanyabiashara Omar Nassif. Mwarobaini ulio mbele yake, alisema, zamani ulikuwa mti wa pekee mjini. Mfalme Abdulaziz alikaa humo alipoingia Jeddah mwaka 1925. Ngazi zimejengwa pana na za mteremko, husemekana ili ngamia waweze kupanda na mizigo hadi juu. Watu wakacheka, wakapiga picha.

Katika nyumba nyingine jirani alituonyesha birika lililochimbwa chini ya sakafu. Akaeleza kuwa mji huu haukuwa na mto wala visima vya kutegemea. Maji ya mvua yalikusanywa kwenye mabirika, mengine yakaletwa kutoka nje ya ukuta. Mwaka 1907 Waturuki walileta mtambo wa kuchemsha maji ya bahari, watu wakauita kindasa, na mwaka 1947 maji ya bomba yakaja kutoka Wadi Fatima. Mimi nilikuwa nimezama katika habari za mtambo. Bi mkubwa akanivuta mkono.

"Mwanangu, hebu muulize. Na kabla ya hayo mabomba, maji yalibebwa na nani?"

Nikamfasiria. Kijana akatabasamu, akasema, "Saqqa, ya ammi," yaani wachota maji, akageuka kutuonyesha nakshi za mlango.

Bi mkubwa hakuridhika. "Saqqa ni kazi. Mimi nimeuliza watu."

Ndugu zangu, swali lile ndilo lililoiharibu makala yangu ya sifa. Kwa sababu jibu lipo, na wala halijafichwa. Msafiri Burckhardt alishuka Jeddah mwaka 1814 akaandika aliyoyaona: mahujaji weusi, waliojulikana kwa jina la Takruri, wakifanya kazi za upagazi, wakibeba kuni na maji ili wapate nauli ya kurudi kwao. Wengine hawakurudi. Hao ni wale waliokuja kwa hiari yao. Pamoja nao walikuwapo ambao hawakuja kwa hiari. Wengi walitoka Uhabeshi na Sudan, na wengine pwani yetu. Dola ya Kituruki ilipopiga marufuku biashara ya watumwa weusi mwaka 1857, Hijazi iliachwa nje ya amri ile, baada ya watu wa Makka kuasi. Kwa hiyo Bayt Nassif ilipokuwa ikipanda, jiwe juu ya jiwe, binadamu walikuwa bado wanauzwa katika nchi hii. Utumwa ulifutwa kisheria Saudi Arabia mwaka 1962. Si zamani za Firauni hizo. Mtu aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka ule leo ni mzee wa miaka sabini na kitu, na huenda anakunywa chai kwenye baraza mita mia moja kutoka pale tulipopiga picha za ngamia.

Na kuna habari nyingine ambayo kiongozi yeyote angeililia, kwani ni ya mji huu huu. Waingereza walikuwa na ubalozi wao Jeddah. Hadi mwaka 1936 walikuwa na haki ya kumpa hati ya uhuru mtumwa yeyote aliyekimbilia mlangoni kwao, kisha wakamsafirisha, mara nyingi kuelekea Sudan. Hebu fikirini. Vichochoro vile alivyotusifia kijana kwa kuwa vimepinda ili kupoza upepo, kuna watu walivipita usiku, pekupeku, moyo mkononi, wakihesabu kona. Ni kisa gani cha ngamia kupanda ngazi kinachoweza kulinganishwa na hicho?

Nilipolizungumza jambo hili kwenye kikao chetu, nilijibiwa na watu watatu, na majibu yao nayaweka hapa kwa haki.

Wa kwanza alisema, "Bwana Mhandisi, sisi ni wageni hapa. Mgeni hafunui chungu cha mwenyeji." Adabu hiyo naiheshimu, nami nimeishi nayo miaka mingi, Riyadh na hapa. Lakini hakuna aliyesema tumtukane mtu. Bi mkubwa hakutukana. Aliuliza swali katika matembezi aliyoyalipia, swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kujitwika ndoo kichwani angeliuliza.

Wa pili, kijana msomi, alisema hizi ni hadithi za wakoloni, kwamba Wazungu wanapenda kuupigia kelele utumwa wa Waarabu ili wausahaulishe wao. Hapa nilipandisha sauti kidogo, naomba radhi. Mimi nilisoma Liverpool. Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi pale, makumbusho ya bahari iliyopo kwenye gati za mto Mersey yalifungua ukumbi wa kueleza jinsi mji ule ulivyotajirika kwa meli za watumwa. Desemba 1999 baraza la mji likaomba radhi rasmi. Mwaka 2007 ukumbi ule ukawa jumba kamili la makumbusho ya utumwa. Nimetembea ukingo wa mto ule na kiongozi akinyoosha kidole: nyumba hii ni ya nani, fedha yake ilitoka wapi. Waliokuwa wakisikiliza walikuwa Waingereza wenyewe, wazee wa mji, wengine wametikisa vichwa, wengine wamekasirika, lakini hawakuondoka. Kwa hiyo hoja ya kijana wetu imegeuka juu chini. Kama wenye dhambi kubwa wameweza kuisema kwenye ukingo wa mto wao, sisi tunanyamaza kwa ajili ya nani? (Mwaka 2021 UNESCO waliuondoa ukingo ule kwenye orodha yao kwa sababu ya majengo mapya. Kumbe kuwemo katika orodha na kusema kweli ni mambo mawili tofauti.)

Wa tatu alinipiga pabaya. Alisema, "Na kwenu Unguja je?" Hapo sina pa kukimbilia. Pale Mkunazini, ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, mgeni huteremshwa katika vyumba viwili vya chini, akaambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kupigwa mnada. Wanahistoria wamekwisha kueleza kuwa jengo lile ni la wamisheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Mgeni hutoka machozi yakimtoka, hutoa bakshishi, hupanda gari kwenda kwenye mashamba ya viungo. Naam, na kwetu kuna walioigeuza huzuni kuwa biashara, hata pale ambapo ukweli wenyewe ungetosha bila kuongezwa pango. Soko lilikuwepo. Watu waliuzwa. Hakuna haja ya chumba cha kubuni. Lakini uongo wa Mkunazini hauuhalalishi ukimya wa Al-Balad.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi, nalo si la karne ya 19.

Matembezi yetu yaliishia Bab al-Bunt, lango la bandari ya zamani, katika jengo lililotengenezwa kuwa Makumbusho ya Bahari ya Shamu. Bahari yenyewe imesukumwa mbali kwa kifusi. Kutoka pale, mtu akielekea kusini, kulikuwa na mitaa ambayo wengi wetu tunaijua vizuri kuliko rawashin: Sabil, Hindawiya, Ghulail, Petromin. Humo walikaa Wahausa, Waborno, Wasomali, Wayemeni na Waswahili, wengi wao wajukuu na vitukuu vya wale mahujaji waliokosa nauli. Ndimo tulimopata kisamvu, ndimo fundi cherehani alipokujua kwa jina la baba yako. Kuanzia Oktoba 2021 hadi mwaka uliofuata, makumi ya mitaa ya Jeddah, hiyo ikiwemo, yalibomolewa. Serikali ilieleza kuwa ni mitaa holela, yenye uhalifu na dawa za kulevya, na kwamba mji unapangwa upya. Mimi ni mhandisi. Najua mtaa usio na mfereji wa maji machafu ni nini, na sitaupamba. Wenye hati walilipwa. Lakini mwaka 2022 Amnesty International walieleza kuwa mpango wa fidia uliwaacha nje wageni, nao walikuwa karibu nusu ya waliohamishwa.

Watazameni pande zote mbili za ule mstari. Ndani yake, nyumba ya mfanyabiashara inategemezwa kwa vyuma, jiwe lake linapigwa chokaa ya asili kwa sababu saruji huzuia chumvi isitoke na kulioza tumbawe, na kila ubao una namba. Nje yake, makazi ya kizazi cha waliombebea maji mfanyabiashara yule yameondolewa kwa buldoza, bila kibao wala picha ukutani. Nani aliuchora mstari huo? Mhandisi huuliza hivyo kila anapopewa ramani. Kama jina la mahali ni Lango la Makka, basi hujaji aliyeingia langoni akabaki, akachota maji, akazaa, akazikwa hapa, yeye ni urithi kama dirisha la msaji.

Najua wahifadhi wana hoja yao: mawe ya Al-Balad yana umri, mabati ya Ghulail hayana. Sawa. Basi mabati yaende. Kumbukumbu za watu hazihitaji kutegemezwa kwa vyuma. Zinahitaji mtu wa kuuliza na mwingine wa kuandika. Wazee wa mitaa ile wametawanyika, wengine wamerudishwa nchi ambazo hawakuwahi kuzaliwa. Waliobaki tunakutana nao misikitini kila wiki.

Kwa hiyo nimependekeza kwenye kikao, na sasa napendekeza hapa, kwamba jumuiya yetu iwe na matembezi yake, kwa Kiswahili. Tusianzie Bab Jadid. Tuanzie kusini, pale penye viwanja vitupu, twende na mzee mmoja au wawili watuonyeshe msikiti ulikuwa wapi na duka la nani lilikuwa wapi. Kisha tuingie mjini, tusimame kwenye birika, tusimame karibu na pale ubalozi ulipokuwa, tumalizie chini ya mwarobaini. Vijana waje na simu zao warekodi. Mmoja wenu ameshaniuliza kuhusu sheria, na ameuliza vizuri: kuongoza watalii bila leseni hapa ni kosa. Hatutaongoza watalii wala hatutatoza hata halala moja. Tutakuwa ndugu wanaotembea, na mzee anayezungumza na wajukuu zake.

Bi mkubwa amesharudi Unguja. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama nimempata mtu wa kumjibu. Nikamwambia nimepata wazee wawili: mmoja ambaye bibi yake alikuwa akiuza maji kwa viriba, na mwingine anayesema atakuja kama atatafutiwa gari lenye mlango mpana, magoti yake hayakunji. Mwenye gari kama hilo anijulishe kabla ya Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Tutaondoka baada ya sala ya Alasiri.